Msuli wa Chura

Sajini Inosenti alikuwa na siku mbili, dumu moja la petroli, na barua ya maabara iliyokuwa ikimkera tangu alfajiri kama mchanga kwenye wali.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba maziwa mgando yaliyotolewa katika kibuyu cha Nainokanoka, yalipojaribiwa kwenye msuli wa chura, yaliukaza msuli huo. Basi. Chini palikuwa na muhuri na sahihi ya mtaalamu aitwaye Bernadina. Juma lililopita Sajini mwenyewe ndiye aliyeisoma kwa sauti mbele ya Mkuu wa Kituo, Inspekta Martini, na akaongeza kwa kinywa chake yale ambayo barua haikuyasema: kwamba kinachokaza msuli ni sumu ya mishipa ya fahamu, na sumu ya namna hiyo katika milima ile inakaa mahali pamoja tu, ndani ya pipa la dawa ya josho. Ufunguo wa stoo yenye pipa hilo ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mtu mmoja.

Mtu huyo, Olais, mtunza josho wa Nainokanoka, alikuwa anamaliza siku yake ya kumi katika mahabusu ya kituo, Karatu. Ijumaa saa tatu asubuhi angepakiwa kwenye Land Rover, apelekwe Arusha kusomewa shtaka la kujaribu kuua. Leo ilikuwa Jumatano.

Kesi ilionekana nyepesi, na hicho ndicho kilichoanza kumtia Sajini wasiwasi. Mwezi Aprili wa mwaka ule wa 1981, Mzee Moloimet, mwenye ng'ombe wengi na mdomo mkali zaidi, alisimama kwenye josho mbele ya watu arobaini akasema dawa ya Olais ni maji matupu. Olais akamjibu: "Siku moja utaionja, ujue kama ni maji." Maneno hayo yalisikiwa na kila mwenye masikio. Majuma mawili baadaye mwinjilisti wa pale, Meitamei, alimshawishi Olais akaombe radhi. Wakaenda pamoja bomani kwa mzee, Olais kashika nyasi mbichi mkono mmoja na kibuyu cha maziwa mkono wa pili, kama amani inavyoombwa kule. Mzee alikunywa. Nusu saa haikupita, jasho likamtoka, mate yakamchuruzika, tumbo likamkata, akaanguka chini juu ya mfuniko wa kibuyu na kuuvunja vipande. Alilala zahanati siku moja, akapona. Alipopona akasema amelishwa sumu.

Sajini alifungua jalada kwa mara ya tano. Ukurasa wa tatu, maelezo ya mganga wa zahanati, mstari wa chini kabisa: *matapishi ya kahawia*.

Maziwa meupe. Matapishi ya kahawia. Mstari huo alikuwa ameuruka mara nne.

"Afande," alimwambia Inspekta Martini, "naomba niende Rhotia."

Inspekta Martini alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa haijaonekana Karatu tangu Pasaka, na uso wake ulikuwa unaikumbuka sukari hiyo. "Rhotia kuna nini?"

"Yule aliyesaini barua ya maabara. Yuko likizo kwao, anavuna maharage."

"Barua si unayo? Au unataka akusomee?"

"Nataka nimuulize swali ambalo sikumuuliza."

Inspekta aliweka kikombe chini. "Petroli ni ya Ijumaa."

"Nina baiskeli, Afande."

Kabla ya kuondoka alipita mahabusu. Olais alikuwa amekaa kwa kuegemea ukuta, mrefu, mtulivu, akichonga kijiti kwa ukucha. Nje ya lango alikaa mkewe, Soila, mimba yake ikiwa imefika mwisho. Alishuka kutoka milimani kwa gari la mahindi na kukataa kurudi.

"Ulionja?" Sajini aliuliza.

"Nilionja, Afande. Nimekwambia mara sita. Mtoaji lazima aonje kwanza. Ningempaje mzee maziwa nisiyoyaonja?"

"Mwinjilisti anasema hakukuona."

"Mwinjilisti alikuwa anakung'uta matope kwenye viatu. Nimsubiri amalize viatu?"

"Na mzee?"

"Mzee alikuwa ameingia ndani. Alikawia. Alipotoka mimi nilikwisha onja." Olais aliinua macho. "Mkinipeleka Arusha, nani atapima dawa ya josho? Wataogesha kwa maji kweli, halafu mzee atakuwa amesema haki."

Sajini alicheka kidogo, akajikuta hana raha na kicheko chake. Akatoka.

Alifunga vitu viwili kwenye keria ya baiskeli: chupa ya maziwa yaliyobaki kibuyuni, nusu ambayo utaratibu unataka ibaki kituoni, na kichupa cha dawa ya josho kilichochukuliwa stoo kwa Olais. Barabara ya Rhotia ilikuwa na utelezi wa masika, lakini jua lilikuwa limetoka na mashamba ya ngano yalikuwa yamenyooka pande zote mbili, kijani mpaka kwenye ukungu. Sajini alikuwa mtu wa Mbulu, mtoto wa wakulima. Shamba zuri lilimfurahisha hata siku mbaya. Mara mbili alianguka, mara zote mbili aliiokoa chupa kwanza.

Alimkuta Bernadina uani kwa mama yake, akipepeta maharage. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, miwani puani, kanga kiunoni, asiye na haraka.

"Saita, mama," Sajini alimsalimu kwanza mwenye mji, bibi mmoja mnene aliyeitwa Lusia.

"Saita. Umekuja kumkamata?" Lusia aliuliza. "Mkamate. Tangu arudi hajamaliza debe moja."

Sajini alimkabidhi Bernadina barua yake mwenyewe. Aliisoma, akamrudishia.

"Ni kweli. Msuli ulikaza."

"Kwa hiyo ni sumu ya josho."

"Nani kasema?"

"Wewe."

"Mimi nimesema msuli umekaza," Bernadina alisema. "Mlileta maziwa mkauliza kama yana kitu kinachogusa mishipa ya fahamu. Nikajibu mlichouliza. Josho umelitaja wewe sasa hivi, hapa, mbele ya mama yangu."

Sajini alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Basi nifundishe."

Bernadina aliweka ungo chini. "Mshipa wa fahamu ukitaka msuli wako ukaze, unamwaga tone la kitu kinaitwa asetilikolini. Msuli ukikipata unakaza. Halafu anakuja mfagiaji, anakifagia, msuli unalegea. Hivyo siku nzima, kila ukipiga pedali ya baiskeli yako. Dawa ya josho inamfunga mfagiaji mikono. Kupe anakaza, anakaza, hana wa kumlegeza, anakufa. Lakini dawa yenyewe haikazi kitu. Msuli uliotolewa mwilini, ukiupa dawa ya josho peke yake, utakaa kimya."

"Una hakika?"

"Ulileta dawa?"

Sajini alikitoa kichupa kwenye keria. Bernadina akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaita: "Mama, lile karai la kisimani bado lina vyura?"

Robo saa baadaye meza ya Lusia ilikuwa imegeuka maabara. Bernadina alifanya kazi haraka, kisu kikali, na kumficha Lusia sehemu ya mwanzo. Ukanda mwembamba wa msuli wa tumbo la chura aliuning'iniza kwenye glasi ya maji ya chumvi, mwisho wa chini ameufunga kwenye jiwe dogo, wa juu ameufunga uzi uliopanda mpaka kwenye bua la ngano. Bua lililala juu ya sindano, kama mizani ya dukani. Msuli ukifupika kidogo tu, ncha ya bua ingeruka juu, na nyuma ya ncha alisimamisha daftari ili aweke alama kwa penseli.

"Nimemsomesha mpaka Dar es Salaam," Lusia alimwambia Sajini. "Amerudi na vyura mezani kwangu."

Bernadina alidondosha dawa ya josho, tone dogo lililochanganywa na maji mengi. Wote watatu walilitazama bua. Lilitulia. Dakika ikapita, ya pili, ya tatu. Jogoo akaja kuangalia, akaondoka.

"Kimya," Sajini alisema.

"Kimya."

Akabadilisha glasi na kuweka msuli mwingine mpya. Safari hii alidondosha maziwa ya kibuyu, yaliyochujwa. Bua lilianza kupanda polepole, bila papara, likapita alama ya kwanza, likapita ya pili, likasimama juu. Sajini aliinama akalitazama kwa karibu. Kumbe kitu alichokuwa amekiita ushahidi kwa siku kumi kilikuwa ushahidi wa jambo jingine kabisa.

"Labda ni maziwa tu," alisema. "Maziwa yoyote."

Bernadina alipenda swali hilo. Aliosha msuli ukalegea, akachota mgando wa mama yake kwenye kibuyu cha jikoni, akaudondosha. Bua halikusogea. Kisha akachukua maziwa ya Nainokanoka, akayachanganya na maji ya magadi, akayaacha wakati wanakunywa uji, akayarudishia ukali wake kwa ndimu, akayajaribu tena. Kimya.

"Magadi yameiua," alisema. "Asetilikolini inakufa kwenye magadi, na kwenye ukali wa mgando inakaa salama. Kama kibuyuni mngetia tumbaku, kwa mfano, ingeukaza msuli vilevile, maana tumbaku ina ufunguo bandia wa mlango uleule. Inakaza, inatoa mate, jasho, inakata tumbo. Lakini tumbaku haiogopi magadi. Hii imeogopa. Hii ni asetilikolini yenyewe."

"Mishipa ya fahamu imeingiaje kwenye kibuyu?"

"Ndiyo kosa la vitabu vya shule hilo." Alipangusa miwani kwa kanga. "Wanaandika kana kwamba ni mali ya mishipa peke yake. Kondo la nyuma la mama aliyejifungua halina hata uzi mmoja wa mshipa wa fahamu, nalo limejaa asetilikolini; inadhaniwa inasaidia kumpitishia mtoto chakula. Wako vijidudu wanaochachusha mboga wanaoitengeneza. Kwa mara ya kwanza ilipatikana kwenye ukungu wa nafaka. Ni kitu cha zamani, Sajini, kilikuwepo duniani kabla ya kiumbe wa kwanza mwenye ubongo. Mishipa ilikikuta, ikakiazima. Kwa hiyo usiniulize mishipa. Jiulize ni kitu gani chenye uhai kiliingia kwenye kibuyu hiki, zaidi ya maziwa."

Sajini alijiuliza. Alipitia jalada zima kichwani. Nyasi za amani zilibaki mkononi mwa mzee. Olais hakutia kitu. Mwinjilisti alikuwa na matope yake.

Wakati huo Lusia alikuwa amechoka na vyura, akaenda kwenye ua kutafuta mboga ya mchana. Alirudi na fungu la majani mapana yenye meno pembeni na nywele nyeupe zilizosimama. Mikono yake miwili alikuwa ameizungushia gunia.

"Mama, hayo si upupu?" Sajini aliuliza.

"Ndiyo upupu. Ukichemka hauna neno, ni mtamu kuliko mchicha. Mbichi ndiyo mkali. Ndiyo maana navaa gunia."

Sajini aliitazama mikono ile iliyofunikwa gunia. Aliitazama muda mrefu mpaka Lusia akaona haya, akaificha nyuma.

Siku aliyokwenda Nainokanoka kuchukua kibuyu mvua ilikuwa inanyesha ya baridi, na yeye Sajini alikuwa amevaa glavu nene za ngozi za dereva. Kibuyu hakikuwa na mfuniko. Mzee alikuwa ameuvunja. Gari lilikuwa na saa tatu za mashimo mbele yake. Basi akafanya kile ambacho kila mtoto wa milima ile anafanya akiteka maji mbali, kile alichofundishwa na mama yake kabla hajafundishwa kusoma: aliunyosha mkono kwenye ua wa boma, akachuma fungu la majani, akalikunja, akalisokomeza kwenye mdomo wa kibuyu ili maziwa yasimwagike. Mkono ulifanya wenyewe. Hakuyatazama majani. Maziwa yaliyachapa majani hayo saa tatu mpaka Karatu, na alipofika alikitoa kizibo na kukitupa jalalani nyuma ya kituo, kwa glavu zilezile. Kwenye jalada hakuandika neno. Nani anaandika kizibo?

"Dada Bernadina," alisema, na sauti yake haikuwa ya askari. "Upupu una kitu hicho?"

Bernadina alichukua jani moja kwa koleo la jikoni, akalitwanga na maji kidogo, akachuja, akadondosha. Bua la ngano liliruka mpaka likaangusha penseli.

"Kwenye zile nywele," alisema. "Ni silaha yake. Ukikuchoma, kinachokuwasha ni pamoja na hicho."

Akachukua kitambaa alichochujia maziwa ya kibuyu, akakikunjua juani, akatoa lenzi yake mkobani. Vilikuwepo: vipande vya kijani vidogo kuliko ufuta, na kati yake nywele zinazong'aa kama chembe za kioo. Alimpa Sajini aone. Sajini aliona, akamrudishia lenzi kwa adabu.

"Utaniandikia?"

"Nitakuandikia. Lakini hiyo haitakusaidia kitu kimoja," Bernadina alisema. "Upupu uliingia baada ya mzee kuanguka. Kitu gani kilimwangusha?"

Sajini alikuwa anapanda baiskeli alipojibu. "Ulikwisha kitaja," alisema. "Kilikuwa cha kahawia."

Inspekta Martini alisikiliza yote bila kugusa chai yake. Mwisho akauliza: "Kwa hiyo sumu uliitia wewe."

"Si sumu ya kumwangusha mtu, Afande. Ila iliyokaza msuli niliitia mimi. Kwa mkono huu."

"Na sasa unataka petroli ya Ijumaa."

"Niende nirudi kesho. Mzee hajasema yote."

Inspekta alisimama dirishani. Pale nje Soila alikuwa amekaa palepale, miguu ameinyoosha, anajipepea kwa ncha ya shuka. "Ukirudi mikono mitupu," Inspekta alisema, "Olais atakwenda Arusha kwa miguu, na wewe utatangulia kumwonyesha njia."

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito kwenye geti la hifadhi, ukafunguka Sajini na dereva walipoupita mdomo wa kreta. Nainokanoka ilikuwa na baridi safi na harufu ya samadi na moshi wa kuni za mkarakara. Mzee Moloimet alikaa juu ya jiwe mbele ya boma, shuka mbili, fimbo magotini, akiwahesabu ndama kwa macho. Alikuwa mzima kabisa. Sajini alimwinamia kwa heshima, akaulizwa hali ya ng'ombe, watoto na mvua ya Karatu, akajibu kimoja kimoja.

Kisha akatoa mfukoni kipande cha tumbaku kavu ya Mbulu, nyeusi, kali, akakiweka juu ya goti lake mwenyewe.

Mkono wa mzee uliondoka wenyewe kwenye fimbo. Ukafika katikati, ukasimama. Macho ya mzee yakaenda upande wa pili wa bonde, kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa kanisa.

"Mimi nimeacha," alisema. "Nimebatizwa Pasaka. Niliacha mbele ya watu wote."

"Nimesikia, mzee. Hongera."

"Ndiyo."

"Pembe yako ya tumbaku iko wapi?"

"Imetundikwa. Ina vumbi."

"Nataka kukwambia jambo la aibu," Sajini alisema. "Langu. Halafu na wewe ukitaka utaniambia lako. Usipotaka, nitashuka."

Akamweleza. Glavu, ua, majani, kizibo, saa tatu za mashimo, msuli wa chura. Hakupunguza. Wakati anaeleza aliuonyesha ua kwa kidole, na upupu ulikuwepo, umesimama kwenye mvua ya jana, safi, pale pale alipouchuma. Mzee aliutazama upupu, akamtazama askari.

"Wewe ni mtu wa shamba," alisema. "Hukuujua?"

"Naujua tangu utoto. Sikutazama."

Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko kirefu, kilichoanzia tumboni, na ndama wakageuka. Kilipokwisha alikuwa amelainika usoni.

"Nilikuwa nayo mdomoni," alisema. "Kubwa hivi. Nilisikia sauti ya Meitamei langoni. Niliingia ndani kutafuta pa kuitema, wanawake wamejaa, wajukuu wamejaa, wote waliniona nikibatizwa. Nikaimeza."

"Yote?"

"Yote. Nikatoka, nikanywa maziwa niisukume."

"Ulipoanguka ulijua?"

"Nilijua. Tumbo langu ni langu. Nilimkasirikia Olais, nikasema sumu, siku ya kwanza, kwa hasira tu. Nilitaka kuiondoa kauli hiyo baadaye. Lakini ukaja wewe na karatasi ya Arusha. Ukasimama hapa ulipokaa, ukasema sumu imeonekana. Nikasema moyoni, karatasi imesomeshwa, tumbo langu halikusomeshwa. Labda zilikuwa mbili, tumbaku na sumu. Nikanyamaza."

Siku zote Sajini aliamini kazi ya karatasi ni kumsaidia mtu aseme alichokiona. Hii ilimfanya mzee asiamini alichokimeza.

"Utasema mbele ya Inspekta?"

"Nitasema mbele ya Meitamei kwanza. Huyo ndiye mgumu." Mzee alisimama, akajiegemeza kwenye fimbo. Kabla ya kuelekea kanisani aliunyosha mkono bila kutazama, akakichukua kile kipande cha tumbaku gotini mwa Sajini, akakirusha katikati ya upupu. Kisha akasimama akitazama kilipoangukia, kwa huzuni ya kweli.

Ijumaa saa tatu asubuhi Land Rover ilisimama mbele ya kituo haina safari. Mzee Moloimet alikwisha weka dole gumba kwenye maelezo mapya, mwinjilisti akiwa shahidi, na barua ya Bernadina ilikuwa juu ya jalada. Ilibaki ripoti ya Sajini. Inspekta Martini aliisoma akiwa amesimama.

"Hapa," alisema. "'Kielelezo kilichafuka wakati wa kusafirishwa.' Ungeweza kuishia hapo. Hakuna atakayeuliza."

"Geuza ukurasa, Afande."

Inspekta aligeuza. *Kielelezo kilichafuliwa na mimi, Sajini Inosenti, kwa kukiziba kwa majani ya upupu ambayo sikuyatazama. Mtuhumiwa amekaa ndani siku kumi na mbili kwa kosa langu.* Inspekta alisoma mara mbili, akapiga muhuri, na kwa namna yake hiyo ilikuwa pongezi.

Olais alitoka akifinya macho kwenye jua. Mzee Moloimet alimwendea, akamwekea mkono kichwani kama anavyowekewa kijana na mkubwa wake, wakasemezana kwa Kimaasai, kifupi. Soila alichukua kibuyu kilichokuwa kando yake tangu asubuhi, akampa mumewe, na mumewe akamgeukia Sajini.

"Mzee amenieleza kizibo," alisema. "Hiki kina mfuniko wake."

Hakuna aliyecheka mpaka Olais alipocheka mwenyewe. Kisha akafungua mfuniko wa ngozi. Hakumpa Sajini. Alikiinua kibuyu kwanza mdomoni kwake, mbele ya Inspekta, mbele ya mzee, mbele ya mwinjilisti ambaye safari hii viatu vyake vilikuwa safi, akanywa mafunda matatu makubwa, koo likipanda na kushuka, bila haraka, mpaka kila mtu akawa ameona. Ndipo akampa.

Sajini alikipokea kwa mikono miwili, akanywa. Maziwa yalikuwa mazuri, yenye ladha ya moshi. Alirudisha kibuyu, akafuta mdomo, akaingia ndani, akafungua jalada kwenye ukurasa wa mwisho na kuongeza mstari mmoja: *Mtoaji huonja kwanza. Nimeona mwenyewe.*